Kasuku Mmoja na Vifungo Mia Mbili

Kila Jumamosi asubuhi, kabla jua halijakolea, Kibano alikuwa amekwisha fagia ua, ameosha vyombo na kunawa mikono mara mbili. Mara ya kwanza alinawa kwa ajili ya mama yake. Mara ya pili alinawa kwa ajili ya Mzee Lenzi, ambaye hakumruhusu mtu yeyote aguse stempu zake kwa vidole vyenye mafuta.

Kibano halikuwa jina lake la kuzaliwa. Aliitwa hivyo kwa sababu ya kibano kidogo cha chuma cha kushikia stempu, ambacho hakikutoka mfukoni mwake. Shuleni alikitumia kuwachomoa wenzake miiba, na nyumbani mama yake alikuwa amemkataza kukitumia kulia njugu. Alikuwa na umri wa miaka kumi na miwili, na alikusanya stempu za ndege tu. Ukimpa stempu ya treni atakushukuru, kisha atampa mtu mwingine.

Mzee Lenzi alikuwa mstaafu wa posta. Meza yake aliiweka chini ya ngazi za jengo la posta, akinunua na kuuza stempu, huku lenzi ikining'inia shingoni mwake kwa kamba ya kiatu. Pembeni mwake kilikaa kitabu kinene cha bei za stempu. Kila Jumamosi alimruhusu Kibano akisome kwa dakika kumi, akimhesabia kwa saa ya mkononi.

Ndimo humo Kibano alimokutana na kasuku. Stempu yake ilikuwa ya kawaida kabisa: kasuku wa kijivu, mkia mwekundu, bei yake sawa na penseli. Lakini chini yake paliandikwa kwa herufi ndogo kuwa karatasi chache zilipita mtamboni bila wino mwekundu, na kasuku wake wakatoka na mikia myeupe. Kasuku mmoja wa namna hiyo angeweza kununua baiskeli, pamoja na kengele yake.

"Umewahi kumwona, babu?" Kibano aliuliza.

"Namtafuta mwaka wa ishirini huu. Nawe ukimwona, usitoe macho. Mnunuzi akitoa macho, bei inapanda. Haya, dakika zako zimekwisha."

Jumatano iliyofuata, mama yake Kibano, aliyefanya kazi kwenye tanuri la mikate, alimtuma kwa fundi wa cherehani kuchukua aproni yake iliyokuwa ikishonwa mfuko. Fundi huyo, ambaye mtaa mzima ulimwita Bi Fundi, alikuwa mama mnene, mcheshi, mwenye tepu ya kupimia shingoni na pini tano au sita mdomoni. Aliongea, alicheka na hata kupiga chafya bila kuangusha pini moja.

"Shikamoo, Bi Fundi."

"Marahaba, mwanangu. Subiri kidogo, namalizia kukata nyuzi."

Kibano akasubiri, macho yakizungukazunguka. Dirishani palikuwa na bahasha kuukuu zilizosimamishwa kwa mstari, kila moja imejaa vifungo vya rangi yake. Kwenye bahasha ya tatu, penye vifungo vya kahawia, alitua kasuku wa kijivu. Mkia wake ulikuwa mweupe!

Moyo wa Kibano ulidunda kwa nguvu kuliko ile cherehani. *Usitoe macho*, akajiambia. Akayafumba kabisa.

"Kuna nini? Umeingiwa na mchanga?" Bi Fundi aliuliza.

"Hapana. Bi Fundi, unauza vifungo?"

"Nauza. Unataka vya nini?"

"Vya... igizo. La shuleni."

"Ala! Unaigiza nani?"

Kibano alitazama huku na huku. "Mfalme."

"Mfalme wa vifungo vya kahawia?"

"Ni mfalme maskini," Kibano alisema. "Nataka vile vya kwenye bahasha ya tatu. Vyote."

Bi Fundi aliichukua bahasha, akavimimina vifungo vyote kwenye mfuko safi wa nailoni na kuufunga fundo. "Nichukue tu na bahasha yake," Kibano alisema haraka.

"Hii? Hii imekuzidi umri! Itakupasukia njiani, vifungo vitawanyike, watu waseme Bi Fundi hana adabu." Kisha akaijaza bahasha vifungo vyeupe na kuirudisha dirishani.

Kibano alirudi nyumbani na aproni ya mama na vifungo sabini asivyovihitaji.

Alhamisi alirudi. Sasa alitaka vyeupe.

"Mfalme amepata pesa kidogo?" Bi Fundi aliuliza.

"Amepandishwa cheo."

Bi Fundi alicheka mpaka tepu ikamdondoka shingoni. Akamimina vifungo vyeupe kwenye mfuko mwingine wa nailoni, akafunga fundo, akaijaza bahasha vifungo vya bluu. Kibano akavinunua na hivyo vya bluu papo hapo, na bahasha ikajazwa vya kijani! Sasa alikuwa na vifungo mia mbili chini ya kitanda, na pesa alizokuwa akiwekea albamu mpya tangu mwanzo wa mwaka zilikuwa zimebaki sarafu moja tu.

Kwa sarafu hiyo alinunua bahasha mpya. Ijumaa alikwenda nayo kwa Bi Fundi, amechana nywele, ameinamisha kichwa kama malaika.

"Bi Fundi, nimeona ile bahasha yako imechakaa. Nimekuletea mpya. Mimi nitaitupa ile."

Bi Fundi alishika kifua. "Jamani! Mtoto mwenye adabu kama huyu amelelewa na nani?" Akamimina vifungo vya kijani kwenye bahasha mpya na kumpa ile kuukuu kwa mikono miwili. "Mungu akukuze, mwanangu."

Kibano alitoka mbio. Alikuwa amemkamata kasuku, lakini yale maneno ya "mtoto mwenye adabu" yalimkwama kooni kama mfupa wa samaki, na kibano chake hakikufika huko.

Jumamosi alikuwa chini ya ngazi za posta kabla Mzee Lenzi hajaweka meza. Mzee aliichukua bahasha, akaivutia lenzi. Akatazama. Akageuza. Akanusa.

"Ilikuwa inakaa wapi?"

"Dirishani, babu."

"Dirisha linapigwa na jua?"

"Kutwa nzima."

Mzee Lenzi akampa lenzi. "Angalia mkiani. Unaona uwaridi, kama doa la juisi lililofuliwa? Huyu alizaliwa na mkia mwekundu kama wenzake. Jua ndilo limemla. Bei ya penseli hafikishi tena. Labda ya kifutio."

Kibano alikaa chini kwenye ngazi kama gunia lililokatwa kamba.

"Na mwenye bahasha," mzee akaendelea, "alijua unatafuta nini?"

Kibano alitazama viatu vyake.

"Nilikwambia usitoe macho," Mzee Lenzi alisema polepole. "Sikukwambia utoe uongo."

Njia ya mwongo ni fupi, na ya Kibano iliishia sebuleni kwao mchana ule ule. Alipoingia alimkuta Bi Fundi ameketi na mama yake, na juu ya kiti pametandazwa joho refu lililoshonwa kwa vipande vya mapazia mekundu, ukosi wake mkubwa kama wa simba.

"Huyo hapo mfalme wetu!" Bi Fundi alisema kwa furaha. "Nimeahirisha suruali mbili za wateja nimshonee. Vifungo atashona mwenyewe, si anavyo? Mama Kibano, igizo ni lini? Nataka kiti cha mbele."

"Igizo gani?" mama aliuliza.

Kibano alitaka sakafu ipasuke. Haikupasuka, maana ilikuwa ya saruji. Basi akasema yote: kitabu cha bei, mkia mweupe, mfalme maskini, bahasha mpya. Alipomaliza, Bi Fundi alitoa pini mdomoni, moja baada ya nyingine, akazichomeka kwenye mkono wa blauzi yake. Kibano hakuwahi kumwona bila pini. Uso wake ulionekana mtupu, na mzee kidogo.

"Kwa hiyo ile bahasha mpya haikuwa adabu."

"Haikuwa, Bi Fundi."

"Nami nimekwisha wasimulia wateja watatu. Nimewaambia, siku hizi bado wapo watoto."

"Lakini hukupoteza kitu!" Kibano alilia. "Kasuku hana thamani. Jua limemla mkia."

"Na kama jua lisingemla?" mama yake aliuliza.

Kibano aliitoa ile bahasha, akamrudishia Bi Fundi, ambaye aliipapasa kwa kidole gumba. "Huu ni mwandiko wa dada yangu," alisema. "Alikuwa muuguzi nchi za mbali, miaka kumi na minane akiniandikia. Ungeuliza tu, ningekwambia ninalo sanduku zima chini ya kitanda."

Safari hii Kibano alitoa macho yote mawili, na hakuweza kuyarudisha.

Mama alitaka kutoa adhabu, lakini Bi Fundi alimwomba amwachie yeye. Jumamosi iliyofuata Kibano alifagia kibanda cha cherehani, akaokota pini sakafuni kwa kibano chake, akafumua mishono ya nguo kuukuu. Yote hayo akiwa amevaa joho jekundu la kifalme. "Kila atakayeuliza ni igizo gani," Bi Fundi alisema, "umjibu mwenyewe, na ukweli mtupu." Hadi saa sita mchana walikuwa wameuliza watu kumi na saba, na muuza magazeti aliuliza mara mbili kwa kuwa ilimfurahisha.

Mchana, nyumbani kwake, Bi Fundi alilivuta lile sanduku chini ya kitanda. Barua zilikuwa zimefungwa kwa vitambaa, mwaka kwa mwaka, hazijawahi kuonja jua. Kwenye bahasha walikuwapo korongo, bundi, mdiria, tai. Kibano akaanza kueleza kila kitu anachokijua, stempu moja baada ya nyingine, hii bei ya penseli, hii bei ya daftari, hii sijui, tumuulize mzee.

"Basi ngoja nichemshe maji tuzibandue kwa mvuke," Bi Fundi alisema, akishika birika.

"Usichemshe!" Kibano alipiga kelele, joho likamtega miguu akaanguka juu ya kikapu cha vitambaa. "Nyingine zina bei kubwa zikiwa juu ya bahasha zake, na muhuri wa posta juu yake. Ukizibandua umeziua!"

Bi Fundi aliliweka birika chini. "Ungeweza kuninyamazia," alisema.

Waliongozana mpaka posta. Bi Fundi alibakiza barua zenyewe nyumbani, akabeba bahasha kumi na mbili alizokuwa tayari kuachana nazo. Mzee Lenzi alizipitia akiguna. Alipofika kwenye bahasha yenye korongo wawili aliacha kuguna.

"Hii ni nzuri. Kitabuni ni elfu sitini. Mteja wangu atanipa arobaini. Mimi nakupa thelathini."

"Kitabu kiseme sitini, wewe useme thelathini?" Bi Fundi aliweka mikono kiunoni. "Mzee, mimi nimeuziwa vitambaa vya magendo na wajanja kuliko wewe. Kibano, anasema kweli?"

Kibano alimtazama mzee, akamtazama Bi Fundi. "Anasema kweli. Bei ya kitabuni ni ya bahasha isiyo na kasoro, tena ya kuuzia, si ya kununulia. Hii imekunjika pembe." Mzee Lenzi akatabasamu. "Lakini," Kibano akaongeza, "muhuri wake unasomeka mpaka tarehe, na huo huwa nadra." Tabasamu la mzee likafifia.

"Wewe mtoto uko upande wa nani?" wakauliza wote wawili kwa pamoja.

"Upande wa stempu," Kibano alisema.

Walivutana mpaka mlinzi wa posta akasogea kutazama. Mwishowe walikubaliana thelathini na sita, na Bi Fundi akasema pesa hizo ni nusu ya mota mpya ya cherehani yake, goti lake lipumzike. Bahasha nyingine nne alizinunua mzee kwa bei ndogo, saba zikarudi.

Walipokuwa wakiondoka, Bi Fundi alizifungua zile saba kama karata. "Chagua moja, mwanangu. Zawadi."

Mkono wa Kibano ulikwenda wenyewe kwa mdiria wa bluu, mwenye samaki mdomoni. Aliuzuia hewani.

"Bei yake ngapi?" Bi Fundi aliuliza.

Kibano angeweza kusema ya penseli. "Elfu nane, Bi Fundi. Ndiyo ghali kuliko zote zilizobaki."

Bi Fundi akaiweka ile bahasha katika kiganja cha Kibano na kumfunga vidole juu yake.

"Chukua. Sasa najua ninachokupa," alisema. "Nikuambie kitu, na ukishike. Ukipewa kitu na mtu anayejua anachokupa, hicho ni chako mpaka uzeeke. Ukipewa na asiyejua, nawe unajua, huo ni wizi tu, hata ukiufanya kwa adabu na nywele zilizochanwa. Umesikia?"

"Nimesikia, Bi Fundi."

"Haya, twende. Mama yako asije akadhani nimekuuza na wewe."