Sekela na Kipimo cha Mama

Kule Tukuyu, mji wa mvua na ukungu, aliishi msichana mdogo aitwaye Sekela. Mama yake alikuwa daktari. Watu walimwita Daktari Subilaga.

Mama alikuwa na kipimo cha kusikilizia moyo. Alikivaa shingoni. Kilikuwa na kichuma cha duara, nacho kilikuwa baridi, baridi kama maji ya mtoni asubuhi.

Kwa hiyo, kabla ya kumgusa mgonjwa, Mama alikipulizia pumzi.

Haa! Haa!
Baridi, toka. Joto, ingia.

Kisha alisikiliza moyo. Du-du. Du-du.

"Mama, mbona unakipulizia?" Sekela aliuliza.

"Mgonjwa ana maumivu yake tayari, mwanangu," Mama akasema. "Tusimwongezee baridi."

Siku moja Mama akarudi mapema kutoka kazini. Akajilaza kitandani, akakohoa. Koho! Koho!

"Mama, unaumwa?"

"Nimechoka tu." Lakini wapi! Mwili wake ulikuwa wa moto, na huku anatetemeka.

Sekela akashangaa. Kumbe daktari naye huumwa? Sasa nani atamtibu?

Bibi yake Sekela akaita gari. Mama akapelekwa hospitali ileile anayofanyia kazi. Akalazwa kwenye kitanda cha wagonjwa. Koti lake jeupe likabaki nyumbani, msumarini.

Nyumba ikawa kimya. Sekela hakutaka kula. Alimtaka Mama.

Kesho yake, Bibi akatia uji kwenye chupa. Wakaenda kumwona Mama. Mama alikuwa amefumba macho.

"Mama," Sekela akaita. Mama hakuitika.

Sekela akaogopa. Akaogopa kweli kweli.

"Bibi, Mama atakufa?" akanong'ona.

Bibi alimvuta karibu. "Tunamwombea, mjukuu wangu. Na daktari anakuja."

Daktari Mwaisumo akaingia mbio mbio. Wagonjwa walikuwa wengi siku ile. Akashika kipimo chake, akakipeleka kifuani kwa Mama.

"Shikamoo, Daktari," Sekela akasema. "Bado baridi."

"We Sekela!" Bibi akashtuka. "Mwache daktari afanye kazi."

Daktari akasimama. "Marahaba. Nini bado baridi?"

"Kipimo. Mama hukipulizia kwanza. Mgonjwa ana maumivu yake tayari."

Daktari Mwaisumo akakitazama kipimo chake. Kisha akachuchumaa, akampa Sekela kile kichuma.

"Haya, nisaidie."

Haa! Haa!
Baridi, toka. Joto, ingia.

Daktari akasikiliza. Akasikiliza tena. Halafu akamvalisha Sekela kipimo masikioni.

Du-du. Du-du.

"Ni Mama?" Sekela akauliza.

"Ni Mama. Kifua kinaumwa, lakini moyo unapiga vizuri. Na dawa tumeshampa."

Sekela akalia. Alilia na huku amefurahi.

Mama akafumbua macho kidogo. "Nani kapasha kipimo joto?" akauliza kwa sauti ndogo.

"Ni mimi, Mama."

Mama akamshika mkono. Hakuuachia.

Siku zikapita. Mama akameza dawa, akanywa uji, akapata nguvu polepole. Jioni moja akarudi nyumbani.

Usiku ule mvua ilinyesha. Chwaa! Chwaa! Sekela akajilaza karibu na Mama. Akaweka sikio kifuani kwake.

"Uuu! Sikio lako baridi!" Mama akasema.

Sekela akainuka upesi. Akapulizia kiganja chake, akakibana sikioni.

Haa! Haa!
Baridi, toka. Joto, ingia.

Kisha akaweka sikio tena, taratibu.

Du-du. Du-du.

Mama yupo.

Sekela akalala.