Debe la Tarakea

Sokoni Kiboriloni ulezi haununuliwi kwa macho. Unachota kiganjani, unapuliza makapi, unatafuna punje chache, halafu ndipo unaanza kubishana. Priska alikuwa ameshatafuna kwa wauzaji wote wa mstari ule, na gunia la mwisho ndilo lililomnyamazisha. Alivaa gauni la kitenge rangi ya kutu, sweta ya kijani ameifunga kiunoni, na buti za mvua zenye tope la Kidia, kijijini kwao, maana mlimani kulinyesha na mjini kulikuwa vumbi.

"Pima yote," alimwambia muuzaji.

"Niachie kiganja kimoja, dada." Aliyesema alikuwa nyuma yake: kijana mrefu, shati jeupe limepigwa pasi, begi la spana begani. "Cha kupiga picha tu."

Priska aligeuka. "Picha ya ulezi. Hujawahi kuuona?"

"Nimewahi kuunywa. Naandika habari za bia za viwanda vidogo. Ukurasa unaitwa Ulimi wa Njoro."

"Ahaa. Kumbe wewe ndiye uliyempa yule wa Rau alama nane kwa bia inayonuka sabuni."

"Ilikuwa sita na nusu. Na sabuni niliitaja."

Muuzaji alicheka mpaka akasahau kipimo alichofikia, ikabidi aanze upya.

Kijana huyo aliitwa Vedastus. Kazi yake ilikuwa kutengeneza mafriji pale Njoro, na kwa kuwa fundi wa mafriji huingia kila baa kwa mlango wa nyuma, alikuwa ameonja kila kilichopikwa kati ya Moshi na mpakani: bia ya mtama yenye kahawa, bia ya ndizi ya chupa, bia ya asali. Alionja, akatoa alama, watu wakaagiza kwa alama zake. Viwanda hivyo vilikuwa vimeota kama uyoga, vingi vya watu waliorudi na vyeti, chupa zao za shingo ndefu zina picha ya mlima. Bei ya chupa hizo ilimfaa mtalii. Bibi yake Priska naye alikuwa na kiwanda kidogo, ila wakati wake hakikuitwa hivyo. Kiliitwa pombe isiyo na kibali, na askari waliokuja kumwaga mapipa yake walikunywa kwanza. Wengine wamesahau. Pale Kidia hawakusahau.

Priska alirithi mapipa yale. Alichuja mbege yake, ile pombe ya ndizi na ulezi, akaitia kwenye chupa, akaibandika jina, akaiuza kwenye harusi na vipaimara. Wiki iliyofuata alimpelekea Vedastus chupa mbili Njoro. Vedastus alizipoza kwenye friji la mteja, akamimina, akanusa, akanywa taratibu macho yamefumba.

"Saba," aliandika. "Ndizi imeiva bila kuoza. Uchachu umekaa mahali pake. Msesewe umezidi kidogo."

Simu yake iliita kabla hajafunga chupa.

"Msesewe umezidi?" Priska aliuliza. "Wewe msesewe unaujua?"

"Ni gamba la mti. Ndilo linaloleta uchungu."

"Linaitwaje likiwa halijakauka?"

Vedastus aliigeuza chupa, kana kwamba jibu limeandikwa kwenye lebo.

"Basi ndiyo hivyo, Jaji. Nakuletea nyingine, na nitakaa nikuangalie unavyokunywa."

Alikaa akamwangalia. Akarudi tena wiki iliyofuata, safari hii amevaa blauzi ya njano na ameziacha buti nyumbani. Walikula mtori kwenye kibanda kilicho karibu na stendi, wakabishana kuhusu povu. Priska alimweleza ndizi zinavyofukiwa ziive, zinavyochemshwa na kuachwa zilale mpaka ziote uchachu wake, ulezi unavyooteshwa, kukaushwa na kusagwa, na kwa nini uji wa ulezi haumiminwi ukiwa wa moto. Vedastus alisikiliza akiwa ameshika kijiko hewani.

"Kula, mtori unapoa."

"Nasikiliza."

"Unasikiliza mdomo au maneno?"

"Vyote vinatoka sehemu moja."

Kila chupa alimpa saba. Ya Tarakea, iliyopikwa na mama mmoja karibu na soko la mpakani, aliipa nane. Priska alinuna siku nzima, jioni akampigia kumwambia amenuna.

"Nimejua, mpenzi. Hukupiga asubuhi."

"Nani mpenzi wako? Mpigie mama wa Tarakea."

Hata hivyo hakukata simu mpaka salio lilipokata lenyewe.

Ndipo siku moja alimwambia, kwa sauti ya mtu anayezungumzia hali ya hewa, "Baba anauliza wewe ni nani."

"Mwambie ni fundi mafriji."

"Hakuuliza kazi."

"Basi Jumamosi napanda na rafiki yangu Kornel. Nataka nionje ya kwenu pale pale pipa lilipo. Na nimsikie mzee. Wanasema hakuna ulimi kama wake huko juu."

Priska alingoja kama kuna neno jingine. Halikuja. "Njoo," alisema. "Ila baba ni mtu wa zamani. Usije mikono mitupu."

Alikuwa na maana ya kilo mbili za sukari.

Vedastus aliliwaza jambo hilo kwa siku kadhaa. Umpelekee nini mzee anayejua mbege kuliko wote? Jibu likamjia, akalifurahia. Alikwenda mpaka Tarakea, akanunua debe zima la ile mbege ya nane, akalifunika kwa jani la mgomba lisimwagike.

Mtu yeyote aliyezaliwa kwenye kihamba, shamba la ukoo la huko mlimani, angemzuia njiani. Lakini Vedastus hakuzaliwa kwenye kihamba. Baba yake alitoka Kasulu kuja kukata miwa, akaikata mpaka mgongo ukakataa, na mtoto alikulia kwenye nyumba za kambi huko tambarare, zimepangwa kama meno. Rafiki yake Kornel alikulia kwenye kambi hiyo hiyo, wazazi wake watu wa Songea. Watoto wa pale huuona mlima kila asubuhi wanapopiga mswaki. Sukari yao ilipanda mpaka vihamba vya juu kabisa. Wao wenyewe hakuna aliyewahi kuwaita wapande, wala mzee wa kuwaambia kwamba huko juu mwanamume hafiki na debe la mbege kwa baba mwenye binti, ana mwenzake pembeni, bila kuwa na neno.

Mzee Elimringi, baba yake Priska, alikuwa anapogoa kahawa. Aliliona debe kabla ya kuwaona watu. Akaweka mkasi chini.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Hiyo mmeleta wenyewe?"

"Wenyewe, mzee. Tungependa mwionje."

Mzee alinawa mikono, akaingia ndani, akatoka amevaa koti lake la kanisani. Mtoto wa jirani akatumwa mbio. Muda si mrefu wadogo zake mzee walikuwa wamekaa kwenye mabenchi chini ya migomba, na Shangazi Tabitha, dada yake mzee, amejifunga kanga mpya, ameshika kata la kibuyu.

Vedastus aliona wageni wamekuwa wengi. Akafikiri, watu wakarimu sana hawa.

Alichota, akanusa, akanywa yeye kwanza, maana ndivyo alivyozoea kuonja. Wazee wakatazamana. Anayeleta ndiye anayeanza kunywa, ili ajulikane hana sumu moyoni. Kijana amefundishwa. Mzee Elimringi akanywa. Wadogo zake wakanywa. Kisha Shangazi Tabitha akaita kuelekea zizini.

Priska alitoka na buti zake, majani ya ng'ombe yamemganda kwenye mkono wa sweta. Aliliona debe, akaliona koti la baba yake, akamwona Vedastus anatabasamu. Hakuwa amemwambia kitu, naye alikuja mwenyewe, kwa njia iliyo sawa, huyu mtoto wa kambini. Alipokea kata kwa mikono miwili. Alinywa, macho yake hayajamwacha. Shangazi akapiga kigelegele.

Hapo Vedastus akatoa simu.

"Mzee, wewe ndiye ninayekuheshimu kwa mambo haya," alisema, na kamera ikawa imeshawaka. "Hii ni ya Tarakea. Mimi niliipa nane. Ukiilinganisha na ya Priska, unaipa ngapi?"

Kuku mmoja alipita katikati ya mabenchi. Mzee Elimringi alilitwaa kata mkononi mwa binti yake, akaliweka chini kwenye udongo, si mezani.

"Kijana. Umeleta nini nyumbani kwangu?"

"Mbege, mzee."

"Mbege naiona. Naulizia neno lake."

Vedastus alimtazama Kornel. Kornel alilitazama debe.

"Ni ya kuonja tu," alisema Vedastus.

Priska alikuwa ameshageuka. Walisikia mlango wa zizi ukifungwa, na komeo likipita.

*

Vedastus alimpigia Priska, simu haikupokelewa. Akapiga tena. Alituma ujumbe, akatuma mwingine wa kufafanua ule wa kwanza. Shangazi Tabitha ndiye aliyempigia mwishowe, akamweleza polepole, kama mtu anayesoma tangazo la msiba, ni nini alichokifanya: amemposa binti mbele ya ukoo, binti amekubali mbele ya ukoo, naye akasema alikuwa anajaribu kinywaji. "Na kilichonywewa hakitapikwi," shangazi alimalizia. "Sasa yeye si mposwa, si huru. Kanisani akipita watu wananong'ona."

Kornel aliulizauliza, akaja na dawa: jani la isale. Huko mlimani ukimpelekea mtu isale amekusamehe, hana namna.

Priska alipokea simu siku hiyo.

"Nakuletea isale," Vedastus alisema.

"Usilete."

"Priska..."

"Ukileta nitalazimika kukusamehe, na mimi sitaki kulazimishwa. Nimelazimishwa vya kutosha mbele ya yale mabenchi. Nilikunywa, Vedi. Nilikunywa mbele ya baba zangu, mbege ya mwanamke mwingine, na wewe ukatoa simu."

"Sikujua."

"Najua hukujua. Ndiyo maana naongea na wewe. Sasa nijibu moja. Ile saba. Kila chupa saba. Nilipunguza msesewe, saba. Nikauongeza, saba. Ilikuwa saba kweli?"

Vedastus aliweka spana chini.

"Hapana. Ya pili ilikuwa tisa. Nilijua nikikupa tisa hutakuwa na sababu ya kuniletea nyingine."

"Na Tarakea?"

"Tarakea ilikuwa nane kweli."

"Watu wanaagiza kwa namba zako," Priska alisema. Hakupandisha sauti. "Kuna harusi mbili Uru zilichukua ya Tarakea wakaniacha. Bibi yangu walimmwagia mapipa, lakini angalau waliokuja walivaa sare, alijua ni maadui. Wewe ulikuja na shati la pasi." Akakata.

Jioni ile kwenye Ulimi wa Njoro iliwekwa picha ya chupa ya Kidia, na chini yake maneno machache. "Tisa. Tangu chupa ya pili ilikuwa tisa. Saba ulikuwa uongo wangu, kwa faida yangu." Wafuasi walimtukana, wengine wakacheka, mwenye kiwanda kimoja akadai na yeye aangaliwe upya. Vedastus hakumjibu mtu. Hakuweka alama nyingine tena.

Alinunua mikungu ya ndizi, akaifukia nyuma ya karakana. Alikwenda Kiboriloni akatafuna ulezi mpaka taya zikamuuma. Hakuna aliyemfundisha, alichokuwa nacho ni yale aliyoambiwa kwenye kibanda cha mtori, kijiko kikiwa hewani, na alijaribu kuyakumbuka kwa mpangilio. Majirani wa Njoro walikuja kutazama fundi wa mafriji anavyokoroga sufuria kwa mwiko wa ugali. "Bwana harusi, unaunguza," walimwambia. Ya kwanza iliungua. Ya pili ilinuka, akaimwaga mwenyewe. Ya tatu ilifanana na mbege kwa mbali, kama mtu anavyofanana na binamu yake.

Akampigia Shangazi Tabitha. "Mwambie Priska nakuja Jumamosi na debe. Mwambie mapema, ili kama hataki awe ameondoka."

Jumamosi ile Priska hakuondoka. Hakuvaa buti pia. Alivaa lile gauni la rangi ya kutu, akakaa mlangoni, mikono amekunja.

Vedastus aliweka debe chini, Kornel pembeni yake, wazee kwenye mabenchi. Hakuwa na isale. Simu alikuwa amempa mtoto wa jirani aishike mbali. Alichota, akanywa kwanza, na wote wakaona shingo yake ilivyohangaika kumeza.

Mzee Elimringi alipokea kata. Alionja. Alikaa nayo mdomoni kama mtu anayetafuta pa kutema akakumbuka yuko kwenye koti la kanisani. Akameza.

"Hii ni ya wapi?"

"Njoro, mzee. Nimepika mwenyewe."

"Hilo halikuhitaji kusemwa." Mmoja wa wadogo zake alikohoa. Mzee akaendelea, "Mara ya kwanza ulileta nzuri, hukuwa na neno. Leo?"

"Leo nina neno." Vedastus alisimama wima. "Naitwa Vedastus. Baba yangu alikata miwa huko chini. Sina kihamba. Namwomba Priska, kama yeye mwenyewe anataka. Asipotaka nitaibeba hii nirudi nayo, sitamdai jibu."

Wazee walimgeukia Priska pale mlangoni. Shangazi Tabitha alichota kata, akampelekea, akasimama.

Priska aliinusa. Akaitazama rangi yake kwenye mwanga, akatikisa kidogo kuona povu, lililokuwa halipo. Alionja kidogo, akafumba macho, akakaa hivyo mpaka Kornel akaanza kutoka jasho.

"Ulezi umeumimina wa moto," alisema.

"Nilikuwa na haraka."

"Nilikwambia."

"Uliniambia."

"Tatu."

"Tatu kati ya..."

"Usibishane na jaji."

Kisha aliinua kata kwa mikono miwili, akanywa yote mpaka chini, makapi na vyote, uso umemkunjamana. Akajifuta mdomo kwa kiganja. Shangazi alikuwa bado hajajua kama apige kigelegele au asubiri, Priska akalinyoosha lile kata mbele yake, litiwe tena.