Mstari Kati ya Mbu na Mpunga

Posta ya Shangani Jumatatu ile haikuwa na pa kutia mguu. Meli ya Dar es Salaam ilikuwa inaondoka saa sita, na kila mwenye barua au kifurushi alitaka kiwahi. Ulikuwa mwaka 1970. Miraji, mwalimu wa hesabu aliyesomea Ujerumani, alisimama kwenye foleni amekumbatia sanduku la sabuni, shati lake jeupe limemganda mgongoni kwa jasho. Alipobakisha hatua moja kufika dirishani, kitako cha sanduku kikafumuka. Kadi elfu moja na mia mbili, nyembamba, rangi ya maziwa, kila moja imetobolewa vitundu, zikamwagika sakafuni. Upepo ulioingia mlangoni ukazitawanya chini ya miguu ya watu.

"Jamani, msizikanyage! Nawaombeni, msizikanyage!"

Watu waliinua miguu, wengine wakacheka. Mmoja tu ndiye aliyeinama. Alikuwa mwanamke wa miaka ishirini na mitano hivi, buibui kaliacha wazi mbele, ndani kavaa gauni la maua madogo ya buluu. Kila alipojongea, harufu ya asumini alizozitia nyweleni ilimfikia Miraji kabla ya kadi.

"Hizi nini, bwana? Tiketi za sinema?"

"Kadi za kompyuta."

"Na hivi vitundu? Zimeliwa na panya?"

"Nimevitoboa mie mwenyewe, kimoja kimoja. Miezi minne."

Mwanamke akanyanyua uso kumtazama vizuri. "Kazi ya miezi minne umeitia kwenye sanduku la sabuni, hukulifunga hata uzi? Na nambari je, umezitia?"

"Nambari za nini?"

"Za kujua ipi ya kwanza na ipi ya pili zikikumwagikia posta! Kwangu mie kadi isiyo na nambari ni takataka."

Meli ilimwacha. Walipomaliza kuokota, saa sita ilishapita, na Miraji alishajua kwamba yule bibi anaitwa Mwanamkasi na kwamba anatunza maktaba ndogo ya sayansi, ghorofa ya pili ya nyumba moja kuukuu huko Vuga. Majarida ya madaktari, ya mabwana shamba na ya wataalamu wa samaki yalikuwa yamelala humo miaka na miaka bila ya mtu kuyagusa. Miraji, aliyekuwa akihangaika kuomba majarida kwa barua kutoka nchi za mbali, alisahau hata meli iliyomwacha.

"Unayo majarida ya wadudu?"

"Wadudu, udongo, homa, mikarafuu. Njoo uone. Lakini uje na mikono safi."

Alikwenda kesho yake. Akapanda ngazi za mbao, akamkuta Mwanamkasi ameketi nyuma ya meza, miwani puani, simu nyeusi ubavuni pake.

"Haya, Mwalimu. Nieleze vitundu vyako."

Miraji akaeleza. Kila anayeandika makala ya sayansi, mwisho wake hutaja maandishi ya wengine aliyoyasoma. Yeye huyachukua majina hayo na kuyatia kwenye kadi. Fulani kamtaja fulani, basi kati yao kuna mstari. Mistari ikifika maelfu, inakuwa wavu, na kompyuta inaweza kuupigia hesabu wavu huo: elimu ipi iko karibu na ipi, ipi inasomwa na wote, ipi imejitenga peke yake. Rafiki yake Mabrouk alikuwa akifanya kazi kwenye kompyuta ya ofisi moja Dar es Salaam, na Jumapili, mashine ikiwa haina kazi, aliruhusiwa kuzipitisha kadi hizo.

"Kwa hiyo unatafuta nani kamwalika nani harusini."

"Ndiyo hivyo hasa!"

"Basi ungesema hivyo. Nyie mliosoma Ujerumani mnapenda kuzungusha maneno."

Kuanzia siku hiyo kila alasiri Miraji alitoka skuli akaenda Vuga. Mwanamkasi alisoma majina, yeye akitoboa. Kila kadi ilitiwa nambari kwa wino mwekundu, na mwenye kutia nambari hakuwa yeye. Baada ya mwezi, simu ya maktaba ilianza kulia hata asubuhi, wakati wa mapumziko ya skuli.

"Maktaba, naam."

"Naam, Bi Maktaba. Nnauliza kitabu."

"Mwalimu, simu ya serikali hii. Kitabu gani?"

"Kile chenye harufu ya asumini."

"Kimeazimwa."

"Kimeazimwa na nani?"

"Na mtu mmoja hajui kufunga sanduku. Weka simu, watu wananitazama!"

Watu wenyewe walikuwa mzee mmoja aliyelala juu ya gazeti.

Mwezi wa tisa likaja bunda la karatasi kutoka kwa Mabrouk, refu la kutandikwa chumba kizima, limejaa nambari tupu. Wiki mbili walizitafsiri nambari zile kwenye karatasi kubwa iliyobandikwa ukutani. Kila elimu duara lake. Penye kusomana sana mstari mnene, penye kusomana kidogo mstari mwembamba. Chini ya kila duara waliandika majina ya waandishi wake, Waingereza, Wajerumani, Warusi, Wahindi. Mwanamkasi alirudi nyuma, akakunja mikono, akatazama.

"Hebu njoo hapa, laazizi," alisema, na neno lile lilivyomtoka hata hakulisikia. Miraji alilisikia. "Hawa wa mbu wanaandika habari za bonde letu la mpunga, pale kati ya kisiwa. Na hawa mabwana shamba wanaandika bonde lile lile. Maji ni hayo hayo. Mbona kati yao hamna mstari?"

Miraji akafunua karatasi za Mabrouk, akahesabu, akahesabu tena. "Hamna hata mmoja. Miaka ishirini wanatumbukiza miguu kwenye maji yale yale, na hawajasomana."

"Bwana shamba anafungulia maji, mbu anazaa, daktari analia na homa."

"Na kila mmoja anaandika peke yake."

Walitazamana, wakacheka kama watoto waliookota kitu njiani. Hii ndiyo kazi aliyoitaka tangu alipokuwa mwanafunzi: wavu unaomwonyesha mtu pale palipokatika. Alitaka kumwambia Mwanamkasi na jambo jingine, la nafsi yake, lakini akaona aende nyumbani kwanza akayapange maneno.

Hakuwahi. Asubuhi ya pili watu wawili waliovaa suti za kaunda walipanda ngazi za maktaba. Kuna mtu alikuwa ameiona karatasi ukutani akaenda kusema. Majina ya wageni, mistari kati yao, nambari zisizosomeka, na zote zinakwenda Dar es Salaam kwa meli. Siku zile hilo lilitosha mtu kudhaniwa jasusi.

"Nani kachora?"

Mwanamkasi alivua miwani. Kuficha kungekuwa kubaya zaidi. "Mwalimu Miraji na mie. Ni hesabu ya vitabu."

"Hatujakuuliza ni nini," alisema mmoja. Waliandika, wakashuka.

Adhuhuri Miraji aliitwa kutoka darasani, na jioni hakurudi kwao. Mwanamkasi alipiga simu skuli, akaambiwa hayupo, na aliyepokea akakata haraka. Hakula. Alfajiri aliswali, akavaa buibui lake jipya, akaenda maktaba. Aliibandua ile karatasi ukutani, akaikunja, akamwita hamali mwenye gari la mkono, akampakiza masanduku matatu ya majarida, na kwa miguu yake akaenda mpaka kwenye ofisi ile ambayo watu wakipita mbele yake walikuwa wakivuka upande wa pili. Hakuna aliyemwita.

"Nimekuja kueleza karatasi," alimwambia bawabu. "Nambie nani mwenye kusikiliza."

Aliyesikiliza alikuwa Bwana Hamad, mtu mnene, mtaratibu, mwenye kikombe cha kahawa mkononi. Mwanamkasi alitandaza karatasi mezani mwake. Akaanza kwa duara la kwanza, akatoa jarida, akafungua ukurasa, akaonyesha jina. Huyu daktari, kafa zamani. Huyu anaandika juu ya udongo. Saa mbili ikawa saa tano, kahawa ikapoa. Alikuwa katika duara la mbu alipomsogezea Bwana Hamad kidole juu ya karatasi.

"Huyu, na huyu, na huyu hapa. Wote hawa wanahusiana."

Wakati huo huo mlango wa nyuma ulifunguliwa na Miraji akapitishwa ukumbini, shati halijabadilishwa, macho mekundu. Alimwona Mwanamkasi kwa ubavu. Aliiona ile karatasi ya ukutani, kidole cha Mwanamkasi juu yake, na maneno yale ndiyo aliyoyasikia. Kisha mlango ukafungwa.

Saa tisa alasiri walimtoa. "Nenda kwenu, Mwalimu. Usizungumze," aliambiwa, na hakuambiwa zaidi. Alitembea kandokando ya ukuta mpaka nyumbani, miguu mizima, mikono mizima, na moyo umevunjika. Kaenda kunitaja, alijisemea. Jina kwa jina.

Mwanamkasi alipoambiwa na Bwana Hamad kuwa katoka, alirudi Vuga, akakaa kwenye ngazi za maktaba akalia kwa faraja, mpaka mzee wa gazeti akamletea maji. Akangoja simu. Siku ya kwanza, ya pili, ya tatu. Ya nne akapiga yeye, skuli.

"Miraji? Kipenzi, u mzima? Wamekufanya nini?"

"Nshapona, alhamdulillahi." Sauti ilikuwa ya mtu anayezungumza na mgeni. "Bi Mwanamkasi, kazi yetu imekwisha. Kadi zilizobaki zitupe."

"Nizitupe? Kwani nimekosa nini?"

"Unajua mwenyewe ulichokisema mezani kwa watu."

Akakata. Mwanamkasi alibaki na mkono wa simu sikioni. Aliweza kupiga tena, akaeleza. Hakupiga. Kama anaweza kunidhania hilo, alisema moyoni, nimweleze nini tena? Akaomba likizo, akafunga maktaba, akenda zake Chwaka kwa shangazi yake, Bi Kazija.

Wiki tatu zikapita. Miraji alifundisha, akarudi nyumbani, akalala. Ndipo ikaja barua fupi: afike kwa Bwana Hamad, Jumamosi, saa tatu. Alimuaga mama yake kama mtu anayesafiri. Njia nzima alisoma kila aya aliyoihifadhi.

Bwana Hamad alikuwa na kahawa yake. Mezani palikuwa na ile karatasi, imekunjwa vizuri.

"Chukua mali yako, Mwalimu. Na masanduku yale matatu yapeleke Vuga, yamenijazia ofisi vumbi."

Miraji akaichukua karatasi. "Basi... hayo tu?"

"Hayo tu. Nilimwita daktari mmoja na bwana shamba mmoja, nikawakalisha hapo ulipo. Walikuwa hawajuani! Sasa nasikia wanakwenda bondeni pamoja, wamepanga siku za kukausha maji." Akanywa. "Lakini yule bibi, maashallah. Muda wa saa saba kanikalisha hapa. Mtu hajaitwa, kaja na gari la hamali, ananisomesha mbu na mpunga. Nilimwambia mara mbili nenda kwenu. Akanijibu, mwenye karatasi akitoka ndipo na mie nitoke."

"Alikuja kwa ajili yangu?"

"Alaa! Hukujua? Wewe ulidhani nani kakutoa?"

Hakukumbuka alivyoshuka, na masanduku aliyaacha pale pale. Vuga alikuta mlango umefungwa kwa kufuli, na mzee wa gazeti ndiye aliyemwambia: Chwaka. Akapanda gari la shamba vivyo hivyo, na karatasi yake kwapani.

Maji yalikuwa yamekupwa mbali. Mwanamkasi alikuwa kibarazani kwa Bi Kazija, kajifunga kanga mbili za rangi ya manjano, anasokota kamba ya makumbi ya nazi. Alimwona tangu alipoingia uani, akaendelea kusokota.

"Asalaam aleikum, Mwanamkasi."

"Waaleikum salaam. Maktaba imefungwa, Mwalimu."

"Nimetoka kwa Bwana Hamad. Kanambia yote." Akaiweka karatasi barazani. "Nilikuona mezani, nikasikia maneno matatu, nikakuhukumu. Mie mtu wa hesabu, nimehesabu ovyo. Nisamehe."

Kamba ikasimama mkononi mwake. "Usiku ule sikulala, Miraji. Nilidhani sitakuona tena. Kisha ukatoka, ukanita Bi Mwanamkasi. Lile liliniuma kuliko kule kungoja."

"Najua."

"Hujui."

"Basi sijui. Niambie unipe adhabu gani. Nitie nambari kadi elfu mbili?"

Alijizuia, midomo ikamshinda, akacheka, na machozi yakamtoka hapo hapo. Miraji naye alishusha pumzi ndefu, kama aliyekuwa ameizuia tangu siku ya kuitwa darasani. Akaketi kwenye ukingo wa baraza, mbali kidogo kwa heshima.

"Lile neno nililokuwa nalipanga," alisema, "nimelipanga miezi mizima na limeharibika lote. Nnataka kukuoa, Mwanamkasi. Utanikubali?"

Mwanamkasi aliiweka kamba chini, akajifuta uso kwa ncha ya kanga, akamtazama. Kabla hajafungua kinywa, sauti ya Bi Kazija ikatoka dirishani, karibu sana, sauti ya mtu ambaye hakukosa hata neno.

"We Mwanamkasi! Mwambie huyo mgeni aingie ndani anywe maji. Mjomba wako yuko msikitini, anarudi sasa hivi. Hivi atakuposa juani?"

"Shikamoo, Bi!" Miraji aliruka wima.

"Marahaba, baba. Vua viatu."

Mwanamkasi alisimama, akamshikia pazia la mlango. "Ndiyo," alimnong'oneza alipopita. "Ingia."