Kicheko cha Mama Povu

Kila asubuhi, uani kwa Mama Povu palisikika mambo matatu: maji kwenye beseni, brashi kwenye kola, na mdomo wa wifi yake.

Wifi huyo alikuwa dada wa mumewe. Mtaa mzima ulimwita Kasuku. Wawili hao walikuwa madobi. Walifua mashuka ya nyumba za wageni, sare na mablanketi. Mama Povu alifua. Kasuku alisuuza, akaanika, na kazi yote akaitia chumvi ya maneno.

"Wifi, hebu itazame suruali hii," alisema Kasuku. "Kiuno kama mlango wa gereji! Halafu mwenyewe akija hapa anavuta tumbo ndani, anatusalimia kwa pumzi ya kuazima: Ha-ba-ri-ze-nu."

Zamani Mama Povu angecheka mpaka akae chini. Siku hizi alibana midomo na kuinamia beseni.

"Fua, wifi. Jua halitusubiri."

Kasuku akaisuuza suruali bila neno jingine la utani. Na Kasuku kuacha utani si jambo dogo.

Miezi michache nyuma, Mama Povu alikuwa amefanyiwa upasuaji. Kabla ya hapo alikuwa amezaa watoto wanne, na amebeba mablanketi mabichi kwa miaka mingi. Kizazi chake kilishuka, na kibofu cha mkojo kikashuka nacho. Uvimbe laini kama yai ulichungulia ukeni. Mkojo ulitoka kwa taabu. Mara nyingine ilimbidi ausukume uvimbe ndani kwa kidole ndipo amalize haja ndogo.

Upasuaji ulimwondolea taabu hizo. Uvimbe ulitoweka, na mkojo ukatoka vizuri.

Ila sasa ulitoka hata bila kuitwa. Akikohoa, tone. Akinyanyua beseni, tone. Akicheka, ndiyo balaa kabisa.

"Daktari amenitoboa kibofu," alijiambia. Hakumwambia mtu. Aliacha kunywa maji mchana kutwa, ingawa jua lilimchoma mgongo. Aliacha kucheka. Na kila alipojikojolea, alijimwagia maji ya beseni kwenye gauni. Dobi akilowa, nani atamshangaa?

Siku hiyo waliinua blanketi zito pamoja. Mama Povu akahisi mkojo umemtoka. Haraka akachota maji kwa kopo, akajimwagia mapajani.

Kasuku aliliona lile kopo.

"Wifi! Unajimwagia maji makusudi?"

"Yameniruka tu."

"Yamekuruka kutoka kwenye kopo ulilolishika mwenyewe?" Kasuku aliliachia blanketi. "Sikiliza. Huniambii kitu. Hucheki. Nikiongea unainama. Kama umenichoka, sema. Kila mtu ashike beseni lake, tuachane kwa heri."

Wakati huohuo jirani yao, mkunga wa zahanati, aliingia uani na sare zake za kufuliwa.

"Hodi! Mbona kimya? Leo mmefua ndimi zenu?"

Hakuna aliyecheka. Mama Povu alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa. Machozi yakamtoka.

"Sijakuchoka, wifi," alisema kwa sauti ndogo. "Nikicheka, najikojolea. Tangu waliponipasua. Wameniharibu."

Kasuku alipiga magoti mbele yake palepale kwenye tope.

"Kumbe! Na mimi kila siku nakutafutia vichekesho vipya ili mnuno wako uishe! Si nilikuwa nakuua?"

Mkunga aliweka sare chini. "Dada, mficha uchi hazai. Na wewe umeshazaa wanne. Sasa unaficha nini tena? Hebu niambie: mkojo unatoka muda wote, usiku na mchana?"

"Hapana. Nikikohoa, nikicheka, nikinyanyua kitu."

"Ungekuwa unavuja muda wote, leo hii ningekupeleka hospitali. Na ukikojoa, unasikia moto?"

"Ndiyo. Na mkojo ni wa rangi kama chai."

"Huo moto tutaupima. Sasa njoo uone kitu."

Mkunga aliokota mpira wa maji. Mwishoni mwa mpira palikuwa na koki ndogo, imefungwa, lakini ilidondosha maji siku zote. Aliukunja mpira katikati. Matone yakakatika.

"Koki imepona?" aliuliza.

Mama Povu alifuta macho. Hayo aliyajua vizuri. "Haijapona. Maji hayafiki tu."

Mkunga aliunyoosha mpira. Tone, tone, tone.

"Je, mimi niliyeunyoosha nimeiharibu koki?"

"Hapana. Ilikuwa mbovu tangu mwanzo."

"Ndivyo ulivyokuwa mwili wako. Kibofu kiliposhuka, kiliukunja mrija wa mkojo. Ndiyo maana ulikojoa kwa taabu, na udhaifu wa misuli ukajificha. Upasuaji umeunyoosha mrija. Sasa udhaifu umeonekana. Si kila mwanamke hupata hivi. Wengine walikuwa wakivuja kabla, wakipasuliwa wanaacha. Wengine mkojo hugoma siku za kwanza, kisha unakaa sawa. Ilipasa uelezwe hayo mapema, nawe uulize."

"Kwa hiyo nitabaki hivi?"

"Nani kasema? Misuli hufundishwa. Lakini kwanza urudi kwa waliokupasua."

Mama Povu alisimama. "Kesho asubuhi nakwenda."

"Nakusindikiza," alisema Kasuku. "Na mdomo naufunga mpaka turudi. Nisije nikakulowesha njiani."

Hospitali walimpima mkojo, wakakuta maambukizi, wakampa dawa. Wakaangalia kama kibofu kinamaliza mkojo wote. Kilikuwa kinamaliza. Hakikuwa kimetobolewa. Mtaalamu wa mazoezi alimfundisha: kaza misuli ya chini kana kwamba unazuia mkojo na upepo pamoja. Usizuie pumzi. Shikilia, achia, pumzika, rudia. Usifanye wakati unakojoa. Kaza kabla ya kukohoa au kunyanyua kitu.

"Na maji unywe," alisema mtaalamu. "Kujinyima kunaufanya mkojo uwe mkali, nao unakikera kibofu. Jipe miezi kadhaa bila kukata tamaa. Isipotosha, tiba nyingine zipo."

Jioni ile Mama Povu alimweleza mumewe yote. Tangu hapo mablanketi mabichi yakawa na mbebaji mpya.

"Kaka, taratibu," Kasuku alimtania. "Hilo ni blanketi, si bibi harusi."

Mama Povu alianza mazoezi akiwa amelala kitandani. Alipoyazoea, aliyahamishia kwenye kamba ya nguo. Kila alipobana kibanio kwenye shuka, alikaza. Alihesabu polepole, akaachia, akapumzika, akachukua kibanio kingine. Wiki za mwanzo hakuona tofauti. Siku moja alilowa mbele ya mteja, akatamani ardhi immeze. Kesho yake alikuwa tena kambani, kibanio mkononi.

"Huachi?" aliuliza Kasuku.

"Nimesugua madoa ya wino mimi," alijibu. "Hili ndilo litanishinda?"

Halikumshinda. Matone yalipungua, yakawa ya nadra. Chupa yake ya maji ikapata nafasi pembeni ya beseni.

Asubuhi moja, yule mwenye suruali pana alikuja tena kuchukua nguo zake. Alivuta tumbo ndani, akafungua mdomo kusalimia. Kifungo cha shati kikamtoka, kikaruka, kikadumbukia kwenye beseni la Kasuku.

Mwenyewe akachukua nguo zake, akaondoka mbio. Kasuku alikichovya kidole majini, akakiokoa kifungo.

"Wifi," alisema kwa huzuni ya uongo, "maskini kimejiua."

Mama Povu alihisi kicheko kinapanda. Alikaza. Kisha akakiachia kicheko chote, mpaka njiwa wakaruka kutoka paani, mpaka akashikilia kamba asianguke.

Kasuku alimtazama kwa wasiwasi. "Vipi huko?"

Mama Povu alijipapasa gauni mbele na nyuma. Lilikuwa kavu.

"Mrudishe yule baba," alisema. "Ana vifungo vingine."