Nusu Lita ya Hewa

Hewa ilipungua nusu lita, na hapo ndipo mambo yalipoanza.

Mhandisi aliangalia tena. Kazi yake ilikuwa kupima upepo wa majengo kwa kompyuta kabla fundi hajagusa tofali, na wenzake ofisini walishamzoesha jina la Bibi Upepo. Safari hii alipewa wodi ya wagonjwa wa kifua: vitanda vinane, madirisha manne, feni mbili za dari, mlango mmoja. Hospitali ilitaka kujua ipanue madirisha au iongeze feni. Aliichora wodi ndani ya programu, akaandika vipimo vya kubadilishwa, yaani uwazi wa madirisha, kasi ya feni na mlango, kisha akaiacha mashine ivichanganye yenyewe, hesabu moja baada ya nyingine, hadi zitimie ishirini na nne. Mtu akishafika hapo huenda kunywa chai.

Aliporudi na kikombe chake, zote zilikuwa tayari, na zote zilikuwa na kasoro moja. Hewa inayoingia chumbani sharti itoke. Humu, kila baada ya sekunde nne, nusu lita iliingia na haikutoka.

Alifungua picha ya hesabu ya kwanza, ile ya feni za taratibu. Upepo ulionekana kama nyuzi za rangi, zinaingia dirishani, zinapita juu ya vitanda, zinatokea upande wa pili. Karibu na kitanda cha sita nyuzi ziliachana, zikazunguka kitu, zikakutana tena nyuma yake. Pale hakuwa amechora kitu chochote.

Mkuu wake alikuja, akainama, akavuta pua kama mtu anayenusa mboga iliyolala. "Programu inaikata hewa vipande vidogo ili ivihesabu, si ndiyo? Wewe umekata vikubwa mno. Vipunguze, hicho kinyago kitapotea."

Alivipunguza. Kinyago hakikupotea, kilipata mabega. Kilikuwa na kimo cha mtu mrefu, kimeinama juu ya mto wa mgonjwa, na mahali pa uso palikuwa na tundu ambamo nyuzi ziliingia na hazikutoka.

Mhandisi alimpigia simu mdogo wake. Alimlea tangu wazazi wao walipofariki, waliishi nyumba moja, na sasa mdogo mtu alikuwa muuguzi katika wodi hiyo hiyo. Ndiye aliyemshikia futi siku ya kupima, huku akimtania kwamba amesoma miaka yote ile kumbe kazi yenyewe ni kupima vitanda.

"Mdogo wangu, kitanda cha sita kuna nani?"

"Hakuna mtu, Dada. Alikuwepo yule mwalimu mstaafu, yule mcheshi. Amefariki asubuhi hii. Jana alikuwa anapata nafuu, hata daktari haelewi. Kwani umesikia wapi?"

"Feni zilikuwaje?"

"Taratibu, kama siku zote. Nimeziongeza sasa hivi, maana humu kuna harufu mbaya, kama nguo zilizokunjwa zikiwa mbichi."

Mhandisi alitafuta hesabu yenye feni za kasi. Kile kitu kilikuwa kimehama. Kilikuwa kimeinama kitanda cha pili.

"Mtazame wa kitanda cha pili," alisema, na sauti yake mwenyewe ilimshangaza kwa udogo wake.

Alisikia viatu vya mdogo wake vikienda haraka, kisha vikisimama. "Anahangaika, Dada. Midomo inabadilika rangi. Umejuaje? Niambie umejuaje!"

"Zima feni."

"Nimezima... Ametulia." Halafu, kwa mnong'ono: "Sasa ni kitanda cha nane."

Mchana ule wote walifanya kazi hiyo, mmoja kwenye kompyuta na mwingine wodini na simu sikioni. Kwenye programu palikuwa na mafaili. Huko wodini palikuwa na watu wenye majina na wajukuu. Mhandisi aliongeza hesabu zikafika tisini na sita, dirisha hili wazi na lile nusu, feni ya kulia peke yake, ya kushoto peke yake, na kila picha aliyoifungua ilikuwa na mtu yule ameinama juu ya mto wa mtu, akivuta nusu lita yake kila sekunde nne.

"Dada," muuguzi aliuliza, "unajua nusu lita ni nini? Ni pumzi moja ya mtu mzima."

Jua lilikuwa limeshaanza kulala juu ya meza alipofungua hesabu ya tisini na moja: madirisha yote yamefungwa, feni zimezimwa, mlango wazi kabisa. Nyuzi zilipita zikiwa zimenyooka. Kilichoingia kilitoka. Wodi ilikuwa tupu.

"Fungua mlango!" alipiga kelele mpaka ofisi nzima ikageuka. "Funga madirisha, zima feni, fungua mlango wote!"

Alisikia mikono ya madirisha ikilia, mlango ukigonga ukuta. Baadaye kidogo muuguzi alicheka, kicheko cha mtu aliyetoka kulia. "Wanapumua, Dada. Wote. Wa kitanda cha pili anaomba uji. Ngoja nikae kidogo, nimesimama tangu asubuhi."

"Unakaa wapi?"

"Hapa nje kwenye meza yetu, ukumbini."

Mhandisi alitazama mchoro wake. Mchoro uliishia mlangoni. Ukumbi hakuwa ameuchora, kwa sababu hakuna aliyemwambia auchore.

"Ondoka hapo," alisema. "Mdogo wangu, ondoka hapo!"

Simuni palikuwa na mvumo mrefu, kama mtu anayevuta mrija kwenye kikombe kilichokwisha, ukanyamaza, na baada ya sekunde nne ukarudi.

Mdogo wake alirudishwa nyumbani siku ya tatu. Madaktari walimpiga picha za kifua, wakampima damu, wakasema mapafu yake ni mazima. Akalala kitandani kwake akihema kama mtu aliyepanda ngazi, na chumba kizima kikanuka nguo mbichi. Mhandisi akaenda kumwita mganga, yeye ambaye maisha yake yote hakuwahi kumwamini mganga.

Alikuwa mama wa makamo, mpole, mwenye miwani. Hakufukiza kitu. Alikaa pembeni mwa kitanda, akasikiliza, akatikisa kichwa.

"Huyu ni jini wa upepo. Kumtoa si shida, mwanangu. Fungua dirisha hilo, atatoka. Shida ni kwamba hawezi kukaa bila pumzi ya mtu. Akitoka hapa ataingia kwingine."

"Mwambie aingie kwangu."

"Nimeshamuuliza. Hakutaki."

"Basi mpeleke mahali pasipo na watu!"

"Upepo unaupeleka wewe?" mganga aliuliza bila ukali. Aliinuka, akakataa bahasha. "Nisamehe. Mimi siwezi kuchagua. Nenda naye polepole, na dirisha liache limefungwa."

Siku mbili dirisha lilibaki limefungwa. Mhandisi alikichora chumba kile, kitanda, kabati na korido, safari hii na kila nyumba inayozunguka ua, akaiacha mashine itafute njia, hesabu mia mbili, mia tatu, hata moja tu ambayo upepo ungetoka pale ukapaa moja kwa moja angani bila kugusa paa la mtu, na kila asubuhi alipoamka na shingo imekakamaa juu ya meza alikuta jibu ni lile lile, kwamba hewa ya chumba kile, ifanyweje, ikitoka inavuka ua na kuingia nyumba ya pili.

Nyumba ya pili alikaa mama kijana na mtoto wake wa miezi minane.

Siku ya tatu, saa nne asubuhi, kucha za mdogo wake zilikuwa za buluu. Muuguzi alimshika dada yake mkono, akatafuta sauti mpaka akaipata.

"Dada. Dirisha."

"Siwezi, mpenzi. Nivumilie kidogo."

"Dada... nakufa."

Mhandisi alisimama dirishani, mkono kwenye komeo. Ng'ambo ya ua jirani alikuwa akianika nepi. Alipomwona nyuma ya kioo alimpungia, akauliza kwa ishara mgonjwa anaendeleaje. Nyuma ya mhandisi ule mvumo ulivuta, na safari hii haukuachia.

Alilifungua.

Kitu cha baridi kilipita shavuni pake. Kitandani mdogo wake alivuta hewa kwa kishindo, akavuta tena, rangi ikarudi usoni, na machozi yakamtoka. "Asante," alisema. "Asante, Dada yangu." Kisha akalala, usingizi mzito wa mtu aliyechoka, kifua kikipanda na kushuka vizuri.

Nepi zilizokuwa kwenye kamba zilitikisika, moja baada ya nyingine, kuelekea mlango wa nyumba ya pili. Jirani aligeuka, akasikiliza, akalidondosha beseni.

"Mwanangu?" aliita, akikimbilia ndani. "Mwanangu, una nini?"