Pipi Ndani ya Mkebe wa Pilipili

Orrin Tackett hakuwa na mke, hakuwa na beji ya polisi tangu astaafu, hakuwa na meno ya juu ya kwake mwenyewe. Zaidi ya yote, hakuwa na ulimi wa kumwambia Eufemia Archuleta, jirani yake wa ng'ambo ya barabara, neno alilolibeba miaka tisa.

Jumanne, saa mbili na dakika kumi asubuhi, Eufemia alikuta notisi mlangoni: ahame ndani ya siku thelathini. Jimbo la Colorado lilimpa kadi ya kutumia bangi kwa maumivu ya mifupa. Lakini nyumba za wazee alimopanga zilisaidiwa na fedha za serikali kuu ya Washington, na kwa Washington bangi ni haramu.

"Nani kanichongea, Orrin?"

"Nipe mpaka jioni."

Saa tatu Orrin alimbana Dwayne Hoskins, mpangaji wa ghorofani juu ya Eufemia.

"Kila Septemba unalalamikia moshi wake."

"Na nitalalamika! Bangi yake inanikausha kama samaki!"

Saa nne meneja wa nyumba hizo akamsomea barua ya uchongezi isiyo na jina: "Pipi za bangi, mkebe wa pilipili, kabati la juu kushoto."

Orrin akatulia. Moshi wa Septemba ulikuwa wa pilipili alizochoma Eufemia, kama afanyavyo kila mtu mjini Pueblo msimu huo. Hakuvuta bangi kamwe. Alikula pipi, na Dwayne hakulijua hilo. Vifuniko vya makopo ya pipi hizo hutengenezwa vigumu ili watoto wasivifungue, na vidole vya Eufemia navyo havikuviweza. Orrin ndiye aliyevifungua, akazimimina pipi mkebeni. Waliolijua kabati lile walikuwa wawili tu: yeye, na Corina, binti wa Eufemia, aliyekuja kila mwezi kutoka jimbo jirani la Kansas kumpikia mama yake.

Saa nane, Orrin akiwa kwa Eufemia, Corina akaingia na maboksi matupu.

"Ya nini hayo, binti?"

"Ya kumhamisha Mama."

"Nani kakwambia anahama? Mama yako hajampigia mtu simu."

Corina akaketi juu ya boksi.

"Miaka sita namwomba tuishi pamoja, Mzee Orrin. Kila Krismasi anasema mwakani. Nikaona wakimfukuza, atakuja."

"Na huko Kansas dawa yangu ni jela," Eufemia akasema. "Ulitaka mama, au mama wa kulia kwa maumivu usiku kucha?"

"Sikuliwaza hilo, Mama. Niliwaza kiti chako tu, pale mezani."

Eufemia akamshika kichwa. Meneja naye alishasema: notisi haifutiki.

Jioni Orrin akaitazama nyumba yake. Vyumba vitatu, hakuna ngazi, hakuna hata senti ya Washington ukutani. Akavuka barabara mara mbili, akarudi mara mbili. Kisha akachukua kalamu.

"Eufemia, chumba cha mashariki kinapata jua la asubuhi. Kabati la juu kushoto ni tupu. Corina aje Krismasi. Ningependa uje kama mke. Ukija kama jirani, nitashukuru vilevile."

Akalamba bahasha, akaifunga, akabandika stempu. Mlango wa Eufemia ulikuwa hatua arobaini. Akaupita, akaenda hadi sanduku la posta la kona, akaitumbukiza.