Pacha wa Tungini

Ndani ya tungi la kioo, Pacha alikuwa akitetemeka. Hakuwa na uso wala mikono. Alikuwa ini, damu na utando wa neva, vyote vimeoteshwa kutokana na seli za Dokta Namkunda mwenyewe. Muheza nzima ilimjua: kiwiliwili kinachougua malaria kwa niaba ya watu, dawa zijaribiwe kwake asidhurike mtu. Kipazasauti kiligeuza ishara za neva zake kuwa maneno, nayo yalikuwa machache tu: baridi, kichwa, kiu. Sauti wakampa ya Namkunda. Hapo ndipo walipoharibu, ukiniuliza mimi.

Dawa za zamani zilikuwa zimeshindwa, na wodi ya watoto imefurika. Asubuhi hiyo Namkunda alimdunga Pacha kiini cha mchunga, mboga ile ile chungu anayoipika kwa nazi nyumbani kwake. Vimelea vikaanza kufa kimoja kimoja. Nusura apige vigelegele.

"Baridi," Pacha akasema.

"Pole," Namkunda akaitikia bila kufikiri, kama mtu yeyote aliyelelewa akaleleka.

"Nimeshapoa."

Nywele zikamsimama. "Hizza! Umesikia?"

Hizza, fundi wa mitambo, alikuwa amesikia vizuri sana, ila alijitia hamnazo. "Mashine hiyo, Dokta. Imedaka neno tu."

"Imedaka wapi? Nani kaifundisha? Mashine gani inayoitikia pole, we Hizza?"

Hizza akageukia mitambo yake. "Limebaki jaribio la mwisho. Tusipojua dozi inayoua, hakuna mtoto atakayeruhusiwa kupewa dawa hii. Na yule wa kitanda cha mlangoni ameshaanza degedege."

Namkunda alijua. Jaribio la mwisho ni kuongeza dawa mpaka ini la Pacha lisimame kabisa. Kumwotesha mwingine kungechukua miezi. Alihangaika kutafuta njia nyingine, akaikosa. Ng'ambo ya ua, wodini, mtoto alilia, kisha kilio kikakatika ghafla.

Akaweka kidole kwenye kitufe cha dozi. Mle tungini, Pacha akaacha kutetemeka, kama mtu anayetega sikio.

"Dokta," sauti ya Namkunda mwenyewe ikamwita taratibu. "Pole na kazi."

"Ahsante," mdomo wake ukaitikia wenyewe, na kidole kikabonyeza.